Nganya ya usiku kwa mama wa miaka 60: zimeni taa za ndani, mpeni maikrofoni

*Swali: Naandika kutoka Mombasa. Mama yetu anatimiza miaka 60 mwezi wa Agosti. Alifanya kazi Nairobi miaka ya 80 akiwa msichana, na tangu arudi Pwani hajauona tena mji ule usiku. Tunakuja watu 28: watoto, wajukuu wakubwa, mashangazi na wajomba. Vijana wanataka tukodi nganya, zile matatu za michoro na muziki mkubwa, tuzunguke mji mpaka kuche. Mashangazi wanaogopa kelele na ajali. Wapo wanaokunywa na wapo wasiogusa. Je, mtu anaweza kweli kuuona mji akiwa ndani ya nganya? Na tujipange vipi?*

Dada, mji mtauona, ila si kwa mpango wa vijana wenu. Wakiachiwa wao, mtapanda gari saa tatu usiku, muziki utawashwa, taa za rangi zitawaka, na saa nane mtashuka mkiwa na video nyingi za nyuso zenu wenyewe. Mama atakuwa amezungushwa Nairobi nzima bila kuiona.

Nganya inajengwa ili mtu wa barabarani aitazame. Aliye ndani hakupewa kipaumbele. Ukiikaribia utaona michoro haiishii kwenye bati: stika za picha zimepandishwa hadi kwenye vioo, na palipobaki wazi kioo kimewekwa giza. Ndani kuna skrini, mistari ya taa za buluu na zambarau darini, na spika chini ya viti. Taa hizo zikiwaka usiku, kila dirisha linageuka kioo cha kujitazamia. Abiria anageuza shingo aone jumba la mikutano la KICC, anaona paji la uso wake. Wageni wengi hulalamika kwamba "hapakuwa na cha kuona", na ukiwauliza zaidi unagundua kuwa taa za ndani hazikuzimwa hata dakika moja.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, mwombe mwenye gari akutumie video fupi ya WhatsApp iliyopigwa usiku, mpigaji akiwa amekaa kwenye kiti cha katikati, taa za ndani zimezimwa, kamera inaelekea nje. Ukiona mwanga wa barabarani vizuri kupitia madirisha ya pande zote mbili, endelea na mazungumzo. Akikutumia picha ya gari kwa nje, ijapokuwa inang'aa vipi, bado hajakujibu. Zipo nganya zenye michoro mikubwa ubavuni na bado madirisha yameachwa safi, hasa ya mbele. Na yapo pia mabasi ya sherehe yaliyotengenezwa makusudi, viti vimepangwa ubavuni vikitazamana. Hayo mimi siyapendi kwa safari yenu. Ukikaa ubavu, mji unapita mgongoni mwako, na breki ikikanyagwa ghafla shangazi hana pa kujishikia.

Sitaki nikuvunje moyo kuhusu nganya yenyewe. Mama anapaswa kuipanda, na ana sababu zake. Matatu alizoziacha hazikuwa hivi. Rais Jomo Kenyatta alikuwa ameziruhusu rasmi kubeba abiria mwaka 1973, na kufikia miaka ya 80 zilikuwa zinashindania abiria na mabasi ya kampuni ya Kenya Bus Service (KBS), kisha na yale ya serikali, Nyayo Bus, kuanzia 1986. Mama atakumbuka kubanana, makanga, yaani makondakta, wakining'inia mlangoni, na muziki wa kaseti. Baadaye zikaja zile sheria zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya Waziri John Michuki: mikanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare za wahudumu, na mwisho wa kusimamisha abiria. Michoro ikafifia kwa muda. Miaka kumi hivi baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliitetea hadharani kazi ya vijana wanaochora magari, na rangi zikarudi kwa kishindo.

Unachokiona leo kwenye njia ya Rongai, Umoja au Buruburu ni kazi ya mikono ya Wakenya. Gari linaletwa likiwa chesisi na injini tu, mara nyingi Isuzu, halafu mafundi wa hapa wanalijengea bodi, wanalishonea viti, wanalifungia muziki, na mchoraji anaingia na bunduki ya rangi. Nimesimama karakana nikamtazama kijana akichora jicho la mwanasoka kwa saa nzima, akirudi nyuma hatua tatu, akitazama, akirudi tena kuongeza nukta nyeupe kwenye mboni. Mama yenu aione kazi hiyo kukiwa na mwanga. Waambieni wenye gari wafike nusu saa kabla ya muda wa kuondoka, gari lioshwe, na mama alizunguke kwa miguu taratibu kabla ya kupanda. Picha za familia pigeni hapo.

Wakolombia wanalielewa jambo hili. Kule Cartagena na Medellín wana chiva, mabasi ya mbao ya vijijini yaliyopakwa rangi kali, ambayo usiku hubeba wageni na wanamuziki kuzunguka mji. Gari la kila siku la watu wa kawaida ndilo limekuwa fahari ya kumwonyesha mgeni. Nairobi ina lake, na sioni haya kumpandisha mama wa miaka 60.

Sasa hofu ya mashangazi. Wana haki ya kuogopa, na dawa ya hofu yao ni dereva. Nganya inayofanya kazi ya njia huamka kabla ya alfajiri. Dereva aliyeanza saa kumi usiku, akapambana na foleni mchana kutwa akitafuta hesabu ya tajiri, hafai kuwaendesha nyinyi usiku hata akiwa fundi kiasi gani. Atakuwa anatafuna miraa ili asisinzie. Sharti lako la kwanza liwe hili: siku hiyo dereva hafanyi kazi ya njia baada ya saa sita mchana, au aje dereva mwingine aliyelala. Lipieni hilo. Ukibaki na shilingi elfu chache za ziada, zipeleke huko kabla ya kuzipeleka kwenye maputo.

Sharti la pili ni kwamba dereva mliyekubaliana naye ndiye atakayeshika usukani mpaka mwisho. Nairobi kuna skwodi, yaani mtu anayepokezwa gari kwa muda mwenyewe akipumzika. Kwenye kazi ya njia ni kawaida. Kwenye gari lenye familia yako, usiku, haikubaliki. Omba jina lake na picha ya leseni yake ya kuendesha magari ya abiria, na akifika umtazame usoni uhakikishe ni yeye.

Gari lenyewe liwe na stika ya ukaguzi ambayo haijaisha, bima ya abiria, na liwe chini ya sako inayojulikana, yaani ushirika wa wenye matatu, kwa sababu kukitokea jambo ofisi ya sako ndiyo utakayoibishia hodi. Matatu hupewa leseni ya njia yake. Ikitoka kwenda kwenye kazi ya kukodiwa, mwenyewe anatakiwa apange ruhusa yake na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Muulize waziwazi kama amefanya hivyo, na kama gari lake limeruhusiwa kupita Nairobi Expressway, maana mpango wangu unaipitia. Anayejibu "hizo tutamalizana na polisi huko mbele" muage kwa heshima.

Kucheza gari likiwa linatembea, hapana. Najua video za vijana wakiruka ndani ya nganya zinavutia, lakini Nairobi ina matuta mahali ambapo hukuyatarajia, na mtu aliyesimama bila mkanda huenda na kioo. Chezeni gari likiwa limeegeshwa. Makanga naye asining'inie mlangoni kuwaonyesha madoido. Mwambie mapema, kwa upole, kwamba leo abiria wake ni bibi na wajukuu. Wengi wao wakiambiwa hivyo hubadilika kabisa, wakawa wa kwanza kumshika mama mkono apande ngazi.

Nije kwenye safari yenyewe. Chagueni Jumamosi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi mishahara imeingia na mji mzima uko barabarani, mtakaa dakika arobaini kwenye mzunguko mmoja. Agosti si msimu wa mvua kubwa, hilo ni bahati yenu, kwa sababu mvua ikinyesha jioni Nairobi husimama. Baridi lakini mtaikuta. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na watu wa Pwani huja na vitenge vyepesi wakidhani ni maneno tu. Bebeni sweta, na leso nzito kwa ajili ya magoti ya wazee.

Anzeni mchana, bila nganya. Alasiri mpelekeni mama juu ya KICC. Jumba hilo lilikamilika 1973, likichorwa na David Mutiso pamoja na Karl Henrik Nøstvik wa Norway, na kutoka kileleni mtu anauona mji wote hadi mbugani, hewa ikiwa safi. Lifti inafanya sehemu kubwa ya kazi, lakini mwishoni kuna ngazi, kwa hiyo wenye magoti mabaya waambiwe mapema. Hapo juu ndipo mama atakapoanza kuwaonyesha kwa kidole: pale nilifanya kazi, pale tulikuwa tunakula. Mmoja wenu aandike. Orodha hiyo ndiyo ramani ya usiku, na inaipita ramani yoyote ninayoweza kuwachorea mimi.

Jua Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Wanaoswali waipate Magharibi Jamia, msikiti mkuu ulio katikati ya mji, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue. Nyinyi wengine mnywe chai karibu na hapo. Saa moja na robo pandeni gari. Panga steji ya kupandia upande wa juu wa mji, penye nafasi ya wazee kupanda bila kusukumwa. Msikubali kuitwa Tom Mboya Street au kule chini River Road jioni ya Jumamosi. Kwenye mitaa hiyo na karibu na mzunguko wa barabara wa Globe, madirisha yafungwe na simu zishuke mapajani. Wapo vijana wanaoweza kuichomoa simu kupitia dirisha la matatu iliyosimama kwenye foleni kabla hujamaliza kusema "halo".

Saa moja na nusu ya kwanza iwe ya macho. Taa za ndani zizimwe zote, skrini pia. Muziki uwe chini, na uwe wa mama: mkusanyieni nyimbo za miaka aliyokuwa huku, DJ wa gari atazipiga. Halafu fanyeni jambo moja ambalo nganya inaliweza kuliko basi lolote la watalii. Ina maikrofoni na spika nzuri. Mpeni mama maikrofoni.

Nasema hivi kwa uzito. Mimi kazi yangu ni kuongoza wageni usiku, na ninaweza kuwaeleza kila jengo. Lakini 28 hao hawahitaji kusikia kutoka kwangu kwamba hoteli ya Hilton, ule mnara wa mviringo uliofunguliwa 1969, ilifungwa mwishoni mwa 2022. Wanahitaji kumsikia yeye akisema alikuwa anapita chini yake kila asubuhi akikimbilia basi. Wanahitaji kusikia Kenya Cinema ilikuwaje Jumamosi, na Sarit Centre ilipofunguliwa Westlands 1983 watu walivyokuwa wakienda kushangaa tu. Wajukuu ambao kila siku wanamwona bibi akiwa jikoni Mombasa watamjua msichana aliyewahi kuumiliki mji huu. Kama ana haya ya kushika maikrofoni, shangazi mmoja akae naye amuulize maswali, ajibu kana kwamba wako wawili.

Njia iwe hivi. Shukeni Kenyatta Avenue taratibu, mpite Kimathi Street aone sanamu ya Dedan Kimathi, iliyosimamishwa 2007 baada ya mama kuondoka mjini. Kama anataka kuushika mkono, shukeni dakika tano na kondakta asimame nanyi. Kisha Moi Avenue, mpite jengo la Nyaraka za Taifa, na sanamu ya Tom Mboya iliyozinduliwa 2011, si mbali na mahali alipopigwa risasi Julai 5, 1969. Mkifika makutano ya Haile Selassie, muziki uzimwe kabisa. Hapo ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa Agosti 7, 1998, watu zaidi ya 200 wakafa, na sasa ni bustani ya ukumbusho. Safari yenu ni ya Agosti, huenda mkakuta maua yaliyowekwa siku chache tu zilizopita. Gari la sherehe likipita pale likipiga honi za madoido ni kuwakosea waliofiwa.

Kutoka hapo vukeni Uhuru Highway mpande Upper Hill. Huko kuna Britam Tower, mita 200, yenye ule mlingoti juu, na jirani yake UAP Old Mutual. Raha ya Upper Hill hata hivyo ni kugeuka nyuma: mji wa zamani unakuwa bondeni mbele yako, KICC katikati kama alivyouacha mama, na majengo mapya yameizunguka. Ombeni dereva atafute mahali halali pa kuegesha dakika kumi. Muziki bado uwe chini, kwa sababu kilima hicho kina wagonjwa. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iko pale, na Nairobi Hospital haiko mbali. Picha pigeni za mji, na mkipita karibu na Ikulu au kambi yoyote ya jeshi simu zikae chini.

Kisha fanyeni mzunguko ambao nikipewa kipande kimoja tu cha usiku ningechagua huo. Shukeni Mombasa Road hadi Syokimau, geukeni, mpande Expressway kurudi mjini. Barabara hii ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ilifunguliwa kwa umma Mei 2022, na mama hajawahi kuiona. Mwekeni kwenye kiti cha mbele, dirishani, upande wa dereva. Mwanzoni upande wa kushoto ni giza tupu, na mwambieni kwamba giza hilo ni Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa 1946, simba wako mle ndani wakati lori zinapita huku. Mnakaribia mji, barabara inapanda juu ya nguzo, na ghafla mnaenda usawa wa ghorofa. Uwanja wa Nyayo unapita kushoto, kisha Uhuru Park, na kulia mji wote umesimama umewaka. Mashangazi walioujua Uhuru Highway kwa kutembea kwa miguu hunyamaza hapo. Hakuna kusimama kule juu, wala dereva asijaribu. Ushuru hulipwa kulingana na aina ya gari na umbali, kwa hiyo kubalianeni mapema ni wa nani.

Mtashukia Westlands mkiwa na njaa. Watu 28 hawaingii mahali Jumamosi saa tatu usiku bila kuagiza. Wekeni meza na nyama wiki moja kabla, na mwambie mwenye mahali aanze kuchoma mkiwa Syokimau. Hapo ndipo kumkatia mama keki. Kuna choo pia, na hili nalisema kwa sababu waandaaji wengi hulisahau: nganya haina choo. Kila saa moja na nusu lazima kuwe na mahali pa kushuka panapojulikana, hasa kwa wazee wenye sukari.

Baada ya chakula, usiku ugawanyike. Hili ndilo suluhisho langu kwa ugomvi wenu wa vijana na mashangazi. Saa nne na nusu gari liwarudishe wazee hotelini, mama akiwemo akitaka, na vijana waendelee na taa zao za zambarau mpaka saa waliyolipia. Kama mama atasema hashuki, basi mwacheni, ni siku yake. Ila asilazimishwe kubaki ili picha zitoke vizuri. Thika Road ni pana na kumbi zake hazilali, vijana watafurahi huko, na gari likiegeshwa ndani ya uwanja wa ukumbi wanaweza kucheza mpaka wachoke.

Kelele ina kipimo. Wataalamu wa afya ya kazi huhesabu kwamba sauti ya desibeli 85 sikio huistahimili kwa muda wa saa nane, lakini ikifika 100 ni kama dakika kumi na tano tu, na nganya iliyofungwa milango inaweza kufika huko. Kama wewe na aliye kando yako mnalazimika kupayuka, imezidi. Wazee wakae mbele, mbali na spika kubwa za nyuma. Taa za kumetameta kwa kasi ziulizwe kabla: kama kuna mwenye kifafa kati yenu, zisiwashwe kabisa. Kanuni za kelele za 2009 zinauhesabu usiku kuanzia saa mbili, kwa hiyo mtaani kwenye nyumba za watu milango na madirisha yafungwe.

Kuhusu vinywaji, kwa familia yenye watu wa aina zote mbili, mimi huwashauri pombe isiingie garini nusu ya kwanza. Mama atasikika, wasiogusa watakaa kwa amani, na hakuna atakayekuwa amelewa mnapofika Upper Hill. Wanaokunywa wanywe mezani Westlands. Dereva na kondakta hawanywi hata kimoja, wala msiwape "kidogo cha sherehe". Wapeni chakula kizuri na soda, na wakale kabla yenu. Polisi wa alkoblo, kile kipimo cha pombe kwa pumzi, huwa barabarani wikendi, na mlevi anayefanya fujo hadharani hukamatwa hata kama si yeye anayeendesha. Sigara ndani ya gari la abiria ni marufuku tangu sheria ya tumbaku ya 2007.

Bei sitakutajia, kwa sababu hubadilika na siku, gari na saa. Ila ujue inavyoundwa ili usiibiwe. Mwenye gari anahesabu fedha ambazo lingeingiza jioni ya Jumamosi, anaongeza mafuta, wahudumu, DJ, ushuru na maegesho, halafu faida yake. Ndiyo maana nganya inayotamba njiani hugharimu kuliko ile iliyotoka kwenye mtindo mwaka jana, ingawa hii ya pili huwa na madirisha mazuri zaidi na dereva mtulivu. Ningekuwa wewe ningeitafuta hiyo. Viti 33 vinawatosha na mizigo yenu. Ulizia wenye magari watatu, wape wote njia ileile na saa zilezile, ndipo ulinganishe.

Kila mlichokubaliana kiandike kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp, naye ajibu kwamba amekubali: namba ya gari, jina la dereva, saa ya kufika na ya kuachana, njia, nani analipa ushuru, saa ya ziada inahesabiwaje, na gari likiharibika atawaletea lipi. Sehemu ya kwanza ya malipo itume kwa M-Pesa kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la mwenye gari au sako, na uliangalie jina kabla ya kubonyeza. Iliyobaki lipeni mtu wa mwisho akishashushwa. Agosti shule zimefungwa na magari haya hutafutwa sana, kwa hiyo anza kuuliza wiki sita kabla, na usitume hata shilingi mpaka uwe na ile video ya madirisha na jina la dereva.